Farasi Mwoga Hafundishwi kwa Fimbo

Watoto, wengi wenu hamjaona farasi. Katika sehemu nyingi za Kongo mbung'o huwatia farasi ugonjwa wa kuwaua, kwa hiyo ni wachache kwetu. Hata hivyo farasi aweza kutufundisha neno kubwa juu ya woga.

Farasi ana nguvu nyingi, lakini ni mwoga. Tangu zamani wanyama wakali walimwinda, na wokovu wake ulikuwa mbio. Macho yake yako pande mbili za kichwa. Huona karibu pande zote, ila nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Basi gunia likipeperushwa na upepo kando ya njia, hushtuka, huruka, na pengine humwangusha anayempanda.

Tumfanyeje farasi wa namna hii? Wengine husema: "Mpige! Akisikia uchungu wa fimbo atasahau gunia." Mimi nasema, sivyo. Farasi hajui kwamba anapigwa kwa sababu ya woga wake. Anaona gunia, anasikia maumivu, naye anadhani gunia ndilo lililomwumiza. Jana aliogopa kitu kimoja. Leo anaogopa viwili: gunia na bwana wake.

Neno hili si jipya. Xenophon, askari wa Ugiriki, aliliandika katika kitabu chake juu ya farasi, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alionya kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Farasi akiogopa kitu, mtu akiguse kwanza yeye mwenyewe, kisha amwongoze mnyama polepole mpaka akikaribie.

Tena hofu ya mtu humfikia farasi. Mwaka 2009 wataalamu wa Uswidi walieleza jaribio moja. Watu walipita na farasi mahali fulani mara kadhaa, kisha wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafula. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mioyo ya watu ilipiga mbio, na mioyo ya farasi vilevile.

Labda mtasema: "Uvumilivu ni ulegevu." Si kweli. Mtu mvumilivu hamwachi farasi akimbilie nyumbani. Humsimamisha mbali kidogo na gunia, mahali anapoweza kutulia. Farasi akipiga hatua moja mbele, mara hiyo hulegeza hatamu na kumpapasa shingo. Kesho hatua mbili. Kazi hii ni ya siku nyingi, wala haitaki kuachwa hata siku moja. Kupiga ni kazi ya dakika moja tu. Ndiyo maana wavivu huipenda.

Ninyi hamna farasi, lakini mnao wadogo zenu. Mdogo wako akiogopa kuvuka kijito, usimcheke wala usimsukume. Tia mguu wako majini kwanza, kisha mshike mkono. Akirudi nyuma, mngoje, halafu mjaribu tena.

Na sisi walimu tukumbuke vilevile. Mtoto anayetetemeka mbele ya ubao hasomi. Macho yake yako kwenye fimbo, hayako kwenye herufi.