Vidonge Havikuoza

Kuna posti moja inayorudi kwenye simu zetu kila baada ya miezi michache. Ni picha ya tangazo la zamani la Marekani au Uingereza: matone ya kokeini ya maumivu ya meno, na watoto wawili wanacheza nje kwa raha zao. Au ni dawa ya kumtuliza mtoto anayeota meno, na ndani yake kuna mofini. Chini ya picha wasee wanavunjika mbavu. Ati ndiyo maana watoto wa enzi hizo walikuwa wapole. Ati na sisi tungepewa hiyo wakati wa KCSE.

Nimecheka pia, sikatai. Lakini siku hizi kicheko hicho kinanikera, kwa sababu tunamcheka mwizi mdogo huku yule mkubwa akipita na koti lake safi.

Wacha kwanza tuwamalize wanaostahili kuchekwa. Thomas Holloway alianza kuuza marhamu yake London mwaka 1837, kisha akaongeza vidonge. Ukiyaamini matangazo yake, hakuna kilichoshindikana: pumu, jongo, homa, minyoo, vidonda vya miguu, udhaifu usio na jina. Alitangaza mpaka akafungwa kwa madeni, akatoka, akaendelea kutangaza. Magazeti ya India na Australia yakajaa jina lake. Alipokufa mwaka 1883 alikuwa ameacha pesa za kujenga chuo kizima cha wanawake, Royal Holloway, na Malkia Victoria mwenyewe alikuja kukifungua mwaka 1886. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili sina la kusema hapo.

Halafu kuna vidonge vya Beecham. Tangazo lilidai kisanduku kimoja kina thamani ya gini nzima, yaani zaidi ya pauni moja, ilhali wewe unauziwa shilingi moja na peni moja na nusu. Bei ya kutupa, sivyo? Mwaka 1909 chama cha madaktari wa Uingereza kilitoa kitabu kilichoitwa Secret Remedies. Walikuwa wamenunua dawa hizo za siri wakazipima moja moja. Ndani ya kidonge cha Beecham walikuta shubiri, tangawizi na sabuni. Basi. Malighafi ya kisanduku cha vidonge 56 iligharimu kama nusu ya farthing, na farthing ni robo ya peni. Piga hesabu: mnunuzi alilipa mara 108 ili aharishe.

Hata jina lilikuwa danganya toto. Ziliitwa dawa za hataza, lakini ukitaka hataza sharti utaje kilichomo, na wengi wao hawakuthubutu. Kilichobandikwa kwenye kisanduku ni stempu ya kodi. Mama wa watu akiiona anadhani serikali imeithibitisha dawa, kumbe serikali imechukua chake ikaenda zake.

(Kwa Kiswahili afyuni huitwa pia kasumba, na kasumba ndilo neno letu la mawazo mabovu aliyopandikizwa mtu kichwani. Nani alitutungia lugha hii?)

Sawa. Hao ni Holloway na Beecham. Uongo wao uliweza kukamatwa na mkemia mwenye mizani. Sasa njoo kwa watu ambao hatuwacheki.

Silas Burroughs na Henry Wellcome, Wamarekani wawili, walifungua kampuni yao London mwaka 1880. Hawakuuza sabuni. Waliuza dawa za kweli, zimeshindiliwa kwenye vidonge, kipimo kikijulikana. Mwaka 1884 walisajili jina "Tabloid", neno walilolibuni wenyewe na ambalo baadaye liliwatoroka likahamia kwenye magazeti ya udaku. Na walielewa jambo ambalo Holloway hakulielewa: huna haja ya kumpigia mgonjwa kelele. Mpe mtu maarufu mzigo bure, kisha ungoje aandike. Leo tunaiita kolabo.

Mtu maarufu alikuwa rafiki yake Wellcome, Henry Morton Stanley. Mwaka 1887 Stanley alikuwa anakwenda kumwokoa Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria, kusini mwa Sudan. Burroughs na Wellcome wakampa masanduku 9 ya dawa bila kulipa hata senti. Kitabu cha Stanley, In Darkest Africa, kilipotoka mwaka 1890, sifa za masanduku hayo zilikuwemo, pamoja na jina la kampuni na mtaa ilipo. Ukiusoma ukurasa huo leo unajikuta unatafuta hashtagi.

Na nani aliyabeba?

Waswahili. Februari 1887 Stanley aliondoka Zanzibar na wanaume zaidi ya 600 ndani ya meli Madura, wakazunguka kusini mwa bara lote mpaka mdomo wa mto Congo. Tippu Tip naye alikuwa melini humo. Wengi wa wapagazi walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya mshahara ilikwenda kwa mabwana zao. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 27. Lugha ya kambi ilikuwa hii ninayoiandika.

Juni 1887 Stanley alitangulia msituni na kuacha kikosi cha nyuma Yambuya, kando ya mto Aruwimi. Watu kama 270, kazi yao kulinda mizigo na kungoja wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip. Walingoja karibu mwaka. Chakula kilikuwa muhogo. Sasa, yeyote aliyelelewa Pwani anajua kwamba muhogo mchungu hauliwi hivi hivi. Unaumenya, unauloweka, unaukausha, ndipo sumu itoke. Watu wenye njaa na waliochoka waliula kabla haujawa tayari. Ongeza maradhi. Ongeza viboko vya Meja Barttelot, mkuu wa kambi, vilivyochapwa mpaka watu wakafa. Stanley aliporudi Agosti 1888 alikikuta kikosi Banalya kimebaki na watu kama mia moja tu, na baadhi yao hawakuwa na siku nyingi. Kati ya wale 600 na ushee waliotoka Zanzibar, hata nusu hawakurudi naye pwani.

Hapa ndipo tangazo linapoingia. Sanduku la dawa la kikosi hicho cha nyuma lilibaki kwenye vinamasi vya Aruwimi kwa karibu miaka minne, na zaidi ya mara moja lilizama mtoni. Liliporudishwa London, vidonge vilivyosalia vilipimwa na mkemia wa jarida la Lancet. Vilikuwa vizima. Nguvu yake ileile. Kampuni iliitangaza habari hiyo kwa miaka mingi baadaye: sanduku la Stanley, kinamasi cha Afrika, vidonge ambavyo havikuoza.

Isome tena polepole.

Hakuna neno la uongo hapo. Ndiyo maana naliona chafu kuliko tangazo la Beecham. Kambi iliyogeuka makaburi imekuwa maabara ya kupimia ubora wa bidhaa, na swali pekee linaloulizwa kuhusu mahali pale ni kama vidonge vilivumilia unyevu. Mpagazi haingii hata kama takwimu. Na hakuna kitabu cha madaktari kitakachoufichua uongo wa namna hiyo, maana ukikipima kidonge utakuta kwinini safi kabisa.

Najua nitakachoambiwa. Buda, kwinini iliokoa watu. Kweli. Wellcome alipokufa mwaka 1936 utajiri wake uliunda Wellcome Trust. Kweli pia. Na tangu 1989 pesa za Wellcome zimegharamia utafiti wa malaria pale Kilifi, pamoja na KEMRI. Kweli tupu, na sitaki mtu anisome vibaya: sisemi utafiti ufungwe, na chanjo ya mtoto wa Kilifi haina deni kwa hasira zangu. Ninachokataa ni ile hesabu ya haraka inayosema kwamba kwa kuwa mwisho ulikuwa mzuri, basi ukurasa wa Yambuya ufunikwe. Yale masanduku hayakupaa. Yalikaa juu ya vichwa vya watu, na anayeyaonyesha leo kama vitu vya kupendeza vya kale anaweza kuandika hivyo kwenye maelezo. Ni mstari mmoja tu. Wino haujaisha.

Tena si kwamba majina yalipotea yote. Kwenye kitabu hichohicho cha Stanley yumo mwindaji Mzanzibari aitwaye Saa Tatu, ambaye bunduki yake iliutafutia msafara nyama. Stanley alilijua jina lake na akaliandika. Kwenye matangazo likabaki la Stanley.

Juzi kuna ukurasa Instagram uliweka picha ya sanduku moja la aina hiyo, chupa ndogondogo zimepangwa vizuri kweli, na komenti zote zilikuwa mioyo. Nikaandika: nani alilibeba? Nimepata laiki mbili, na moja ni ya binamu yangu.