Uvimbe Kupungua Si Kupona



Kutoka Mnero hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Mgonjwa aliyekwisha kutundikiwa dripu mbili za dawa, akauona uvimbe umepungua huku nywele zikipukutika, hujiuliza: kuna haja gani ya kurudi? Jibu limo katika utando wa seli.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Mara nyingi seli ya saratani huwa laini kuliko seli ya kawaida, na ulaini huo huisaidia kupenya penye njia nyembamba na kusambaa. Dawa hubadili hali hiyo. Mwaka 2007 watafiti wa California, Marekani, walipima seli za saratani ya damu zilizopewa dawa, wakakuta zilizouawa nayo zimekakamaa sana kuliko zilivyokuwa.

Lakini zote hazifi kwa dripu moja. Baadhi zina, katika utando wake, protini inayofanya kazi kama pampu: dawa ikiingia, huisukuma nje. Rudolph Juliano na Victor Ling waliieleza protini hiyo mwaka 1976 huko Kanada. Seli za namna hiyo zaweza kubaki hai hata uvimbe ukipungua, na zikiachwa huzaana. Ndiyo maana madaktari mara nyingi huchanganya dawa, ili seli iliyoikwepa hii inaswe na ile, na huzitoa kwa awamu, ili mwili upate nguvu kati ya dripu na dripu. Nywele nazo hupukutika kwa kuwa seli zake huzaana haraka. Kwa kawaida huota tena.

Basi asikatishe mtu tiba bila kauli ya daktari wake. Nasi waumini tujitazame: safari ya kwanza huichangia msikiti mzima, ya nne humkuta mgonjwa peke yake na nauli yake. Tuulize mapema ameandikiwa awamu ngapi, tupange mchango kwa hesabu hiyo. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Kumfikisha kwenye dripu ya mwisho ni katika haki hiyo.

Wabillahi tawfiq.