Waraka kwa Watu wa Kililana: Nani Anayefundisha Katika Shule ya Mkataba

Waraka huu unaelekezwa kwa wazee, wazazi, walimu wakuu na wajumbe wa bodi za shule za Kililana, pamoja na majirani zao wa Mokowe na Hindi, nao unatoka kwa jamaa wa pwani waliohamia miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Shabaha yake ni kujibu swali ambalo limekuwa likivuka bahari tangu jiwe la msingi la bandari mpya ya Lamu lilipowekwa mwezi Machi 2012 na mashamba ya Kililana yakaanza kupimwa na kufidiwa. Swali lenyewe ni iwapo watoto wa hapo watahitaji shule za namna nyingine ili wasibaki watazamaji wa kazi zinazofanywa mlangoni mwao, na iwapo shule zinazoitwa za mkataba, ambazo watoto wengi wenye asili ya Afrika Mashariki husomea Marekani, zinafaa kuigwa. Jibu linalotolewa hapa linashika upande mmoja tu, ambao aghalabu hausemwi kwa sababu majengo na kompyuta huvutia macho upesi zaidi, nao ni upande wa walimu: wametoka wapi, na wanafanya kazi gani.

Shule ya mkataba ni shule ya umma ambayo haitozi karo na hugharimiwa na serikali kwa hesabu ya wanafunzi walioandikishwa, lakini haiendeshwi na idara ya elimu ya mji, bali na bodi yake yenyewe, ambayo hufunga mkataba wa miaka kadhaa na chombo kilichoidhinishwa kisheria kuisimamia, na mkataba huo unaweza kukatwa iwapo matokeo ni mabaya au fedha zimetumika vibaya. Wanaoomba nafasi wakizidi viti vilivyopo, kura hupigwa. Minnesota ndiyo jimbo lililotangulia kutunga sheria ya aina hii, mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992. Wazo lilikuwa limepewa nguvu mwaka 1988 na Albert Shanker, aliyekuwa kiongozi wa chama kikubwa cha walimu, ambaye alitaka walimu wapewe nafasi ya kuunda shule kwa mikono yao na kujaribu mbinu mpya bila kusubiri idhini ya ofisi za juu. Kwa hiyo sheria ya awali ya Minnesota iliweka sharti kwamba wajumbe walio wengi katika bodi ya shule wawe walimu wa shule hiyo hiyo, sharti ambalo lililegezwa baadaye, na Shanker mwenyewe aligeuka kuwa mkosoaji wa shule hizo alipoona wenye makampuni wakizikaribia kuliko walimu. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayesikia shule ya mkataba ikisifiwa kana kwamba ni biashara iliyobuniwa na wafanyabiashara, kwa kuwa chimbuko lake lilikuwa ni kumpa mwalimu madaraka.

Madaraka hayo yamemwendea nani, hilo hutegemea mji. Katika miji mingi mikubwa, shule za mkataba zilijazwa na vijana waliotoka vyuo vikuu vyenye sifa, wengi wao kupitia Teach For America, mpango ulioanza kupeleka walimu madarasani mwaka 1990 na ambao huwapa wahitimu mafunzo mafupi ya kiangazi kabla ya kuwapeleka kufundisha kwa ahadi ya miaka 2 katika maeneo maskini. Waanzilishi wa KIPP, mtandao mashuhuri wa shule za mkataba ulioanzia Houston mwaka 1994, walikuwa vijana wawili waliopitia mpango huo. Ari yao haikanushiki, na matokeo ya mitihani katika baadhi ya shule zao yalikuwa ya kushangaza. Hata hivyo, kijana aliyekuja kwa miaka 2 huondoka wakati ule ule anapoanza kuijua kazi, na mzazi hujikuta kila mwaka akimweleza mtu mpya habari za mtoto yule yule.

Mfano mzito zaidi ni wa New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, maelfu ya wafanyakazi wa shule za mji huo, walimu wakiwa wengi wao, walifutwa kazi kwa pamoja, kisha karibu shule zote zikageuzwa hatua kwa hatua kuwa za mkataba. Kabla ya kimbunga, takriban walimu 7 kati ya kila 10 walikuwa Wamarekani Weusi, wengi wao wakiwa wenyeji wa mji waliofundisha wazazi na watoto wa nyumba moja. Katika muda wa miaka 10 hivi idadi yao ikashuka chini ya nusu, na walimu wenye uzoefu wa miaka mingi wakapungua vivyo hivyo. Watafiti waliochunguza alama za mitihani waliona kwamba zilipanda, na haki ni kulisema hilo bila kificho. Lakini tabaka zima la watu waliokuwa wakinunua nyumba, wakiongoza kwaya na kusimamia mitaa kwa mshahara wa ualimu liliondolewa, na hasara ya namna hiyo haionekani katika karatasi ya mtihani. Watu waliokwisha kuona bandari ikifunguliwa Mei 2021, huku nafasi nyingi za kazi zikiulizia vyeti ambavyo vijana wa hapo hawakuwa navyo, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Huko Minnesota mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwa sababu waliozitafuta shule za mkataba walikuwa wazazi wahamiaji wenyewe. Wasomali walioanza kufika katika miaka ya 1990, na pamoja nao Waoromo na watu wa pwani waliopitia kambi za wakimbizi za Kenya, walitaka shule ambako msichana aliyevaa hijabu hatakodolewa macho, chakula cha mchana kitakuwa halali, na ofisini kutakuwa na mtu anayeelewa mama anachosema. Higher Ground Academy ya St. Paul, iliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya uongozi wa Bill Wilson, Mmarekani Mweusi aliyewahi kuongoza baraza la mji huo, ilikuja kuwa na wanafunzi ambao wengi wao ni wa asili ya Afrika Mashariki, na nyingine za namna hiyo zikafuata. Mipaka nayo ni mikali: kwa kuwa ni shule ya umma, mwalimu haruhusiwi kuongoza sala wala kufundisha dini kama imani, ingawa mtoto anaweza kuswali kwa hiari yake. Tarek ibn Ziyad Academy, shule ya mkataba ya jimbo hilo hilo iliyokuwa na matokeo mazuri ya mitihani, ilishtakiwa mwaka 2009 kwa madai ya kuchanganya dini na fedha za umma, na ikafungwa mwaka 2011.

Ndani ya shule kama hizo, mgeni anayepita darasani atadhani kwamba mwalimu ni yule aliyesimama mbele, na kwa sheria hakosei. Mara nyingi huyo ni Mmarekani Mweupe aliyekulia katika vitongoji au miji midogo ya Minnesota, mwenye shahada na leseni ya ualimu, ambayo tangu mwaka 2018 imegawanywa katika madaraja 4, la kwanza likiwa la mtu ambaye bado hajakamilisha mafunzo ya ualimu na la nne likiwa la mwalimu aliyekamilika na kuthibitika. Karibu naye yupo mwalimu wa Kiingereza kwa watoto wenye lugha nyingine nyumbani, na mwalimu wa elimu maalumu, ambaye kila shule humsaka kwa udi na uvumba. Lakini nyuma ya darasa, juu ya kiti kidogo cha mtoto, ameketi mtu wa tatu, na waraka huu umeandikwa hasa kwa ajili yake.

Mtu huyo ni msaidizi wa darasa, yaani mfanyakazi ambaye hana leseni ya ualimu, hulipwa kwa saa, na katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto maskini hutakiwa awe na miaka 2 ya chuo au afaulu mtihani wa kuonyesha kwamba anaweza kusaidia kusoma, kuandika na hesabu. Katika shule zenye watoto wa Afrika Mashariki, wasaidizi wengi ni watu wazima waliokwisha kuwa na kazi zao kabla ya kuhama: kuna waliofundisha Mogadishu, Garissa au Mombasa, kuna wauguzi na makarani, na kuna kina mama waliolea na kusomesha watoto wao kambini. Vyeti vyao vilipotea vitani, au vipo lakini havikutambuliwa, au vilitambuliwa nusu na nusu iliyobaki ikahitaji ada ambayo mtu anayelipa kodi ya nyumba Minneapolis hana.

Kazi yao haina mwisho ulio wazi. Asubuhi ya Januari, baridi ikiwa imeshuka nyuzi 20 chini ya sifuri, msaidizi yuko mlangoni akipokea watoto wa mabasi na kuwavua makoti na glavu, kisha anaingia darasani na kukaa karibu na mtoto aliyewasili nchini juzi. Mwalimu ameandika kwamba mtoto huyo hajui kushika kitabu, kwa kuwa amekifungua kutoka nyuma. Msaidizi anatambua mara moja kwamba huyo amesoma chuo cha Kurani, amehifadhi juzuu kadhaa, na anafungua kitabu kama msahafu unavyofunguliwa, kwa hiyo anahitaji kuonyeshwa upande wa kuanzia, wala hahitaji kupelekwa kwa daktari wa akili. Mtoto mwingine anaandika herufi b mahali pa p, na msaidizi anamweleza mwalimu kwamba Kisomali hakina sauti ya pili, na kwamba kosa hilo si la kutosikia. Adhuhuri ya Ramadhani hukaa maktabani na wanaofunga ili wasishinde wakitazama sahani za wenzao. Jioni hufasiri kikao cha wazazi, na humo hubeba amana ngumu kuliko zote, maana hana budi kufikisha neno la shule bila kumfedhehesha mzazi, na neno la mzazi bila kulipunguza.

Ni haki pia kusema kwamba mpango huu una dhuluma ndani yake. Msaidizi hufanya sehemu kubwa ya ualimu kwa ujira ulio mdogo mno kuliko wa mwalimu, na shule yenye upungufu wa fedha huvutiwa kumwacha hapo alipo miaka nenda miaka rudi. Kinachofaa kuigwa Minnesota, kuliko mkataba wenyewe, ni njia iliyofunguliwa ili mtu huyo apande: jimbo hutenga fedha za kusomesha watu waliomo tayari katika jamii za shule mpaka wapate leseni, na Chuo Kikuu cha Augsburg kilichopo Minneapolis kimeendesha mpango wa kuwaandaa watu wa asili ya Afrika Mashariki kuwa walimu. Aliyekuwa nyuma ya darasa akisimama mbele, watoto hupata mwalimu ambaye hana safari nyingine.

Kililana nayo ina watu wa nyuma ya darasa. Tume ya Utumishi wa Walimu huajiri na kupanga walimu wa msingi na sekondari, kaunti huajiri wa chekechea, na pengo linalobaki huzibwa na bodi ya shule kwa kumchukua kijana wa hapo hapo, aliyesomea ualimu au aliyemaliza kidato cha nne tu, akalipwa kwa michango ya wazazi ambayo huja mavuno yakija. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na shule za upande wa Basuba zilipofungwa kwa sababu ya usalama, ilidhihirika jinsi kaunti inavyotegemea walimu wa kutoka mbali, ambao hawawezi kulaumiwa kwa kuogopa. Mwalimu mgeni ana faida zake, na mwenyeji asiyejua hesabu hafai kupewa darasa la hesabu kwa sababu tu ya ujamaa. Lakini mgeni hujua somo kabla ya kumjua mtoto, na katika darasa la kwanza mpangilio huo ni kinyume.

Pwani hii tayari ilishatoa mfano wake. Katika miaka ya 1980, kwa ombi la viongozi wa Kiislamu na msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mpango wa chekechea za madrasa ulianza Mombasa chini ya Bi Swafiya Said, ukachukua wasichana wa mitaa yenyewe, wengi wakiwa hawana zaidi ya elimu ya sekondari, ukawafundisha kwa miezi na kuwatembelea madarasani mwao, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Ni ajabu kidogo kwamba watu wa Lamu huulizia Marekani jambo ambalo Mombasa ilikuwa imelifanya kabla City Academy haijafungua mlango.

Kwa hiyo bodi za shule zinaombwa kuanza na jambo lililo katika uwezo wao. Kila kijana anayelipwa na wazazi aandikiwe barua ya ajira na ya utumishi, yenye tarehe, madarasa na masomo aliyofundisha, na mhuri wa shule. Aliye na cheti ahimizwe kuchukua nambari ya usajili wa Tume mapema, na asiye nacho ahesabiwe katika maombi ya ufadhili wa masomo yanayopelekwa kaunti. Wanaofikiria kuhama wajue kwamba wapima vyeti wengi wa Marekani hawapokei nakala iliyobebwa mkononi, bali hutaka kumbukumbu za alama zitoke moja kwa moja chuoni au kwa Baraza la Mitihani, na ni rahisi zaidi kuzifuatilia mtu akiwa bado Mokowe kuliko akiwa Minneapolis.