Gauni la Harusi: Je, Bi Harusi Anaweza Kusujudu Ndani Yake?



Himdi zote anastahiki Allaah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Amma ba'ad:

Ndugu Waislamu, msimu wa harusi ukifika hapa Buyenzi, Bujumbura, mabinti tuliowasomesha madrasa hupita wakionyeshana picha za magauni kwenye simu. Wameambiwa kuwa kabla ya kuchagua gauni, bi harusi ajue kwanza umbo lake: yeye ni peasi, ni tufaha, au ni ile "namba nane" inayosifiwa? Mwenye nyonga pana aambiwa azifiche. Mwembamba atafutiwa gauni la kumjazia kifua. Mnene akazwa kamba mgongoni mpaka kiuno kipatikane. Tunauliza: huyu ni bi harusi au ni tunda la sokoni?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi bi harusi asipendeze. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa Allaah ni Mzuri na anapenda uzuri, kama ilivyopokewa na Muslim. Fundi akimshauri binti mfupi ashonewe gauni linaloteremka moja kwa moja kutoka mabegani, hilo ni jambo jema. Ubaya unaanza pale mwili wa binti unapogeuzwa mtihani, na watu wa ukumbini wakawa ndio wasahihishaji.

Tulialikwa walima ya mwanafunzi wetu mmoja, aliyehifadhi Juzuu 'Amma mbele yetu. Baadaye mama yake akatusimulia yaliyokuwa upande wa wanawake. Gauni lilikuwa la kukodi, limekazwa tangu asubuhi. Adhuhuri ikampita, Alasiri ikampita, na Magharibi pia. Hakuweza kuinama wala kutawadha. Pilau ya walima yake mwenyewe hakuionja kwa jinsi alivyobanwa. Usiku akazilipa Sala zake huku analia. Na sisi walimu wake tulikuwa nje tunakula, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama bi harusi amesali.

Wako watakaosema: "Ustadhi, ni siku moja tu." Naam, ni siku moja, na ina Sala tano kama siku nyingine.

Tuangalie mabibi harusi wa Madina. Al-Bukhaariy amepokea kuwa Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anha) alikuwa na vazi la kitambaa kizito, na zama za Mtume hapakuwa na mwanamke wa Madina aliyetaka kupambwa ila alituma kwake kuliazima. Vazi moja, na mabibi harusi wangapi! Bila shaka walikuwamo warefu na wafupi, wanene na wembamba. Hawakuona haya kuazima, na ndoa zao zilisimama. Ama gauni jeupe tunalolifia leo, lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa harusini kwake mwaka 1840. Weupe si haramu, lakini si Sunnah inayofaa kukopewa pesa.

Na tusiwakaripie wanawake peke yao mimbarini. Ni nani anayemwambia mchumba wake apunguze mwili kabla ya harusi? Ni kijana wetu. Ni nani anayepata pesa za gauni la siku moja na mpiga picha, kisha mahari akaandikisha deni? Ni yeye huyo huyo, na baba mzazi yupo kimya. Mahari ni haki ya mke kwa Suuratun-Nisaa aya ya 4. Gauni la kukodi litarudishwa kesho. Na anayecheka umbo la binti wa watu akasome Suuratut-Tiyn, aone ni Nani aliyemuumba na kwa umbo gani.

Basi mzazi mwenzetu, kabla hujalipa, mwambie binti yako alivae gauni na afanye haya: akae, ainue mikono, arukuu, asujudu. Kitambaa chepesi kitiwe bitana. Mikono ifike kwenye vifundo, na kiuno kiachiwe nafasi. Asali kwanza, kisha apambwe, na udhu wake upangiwe wakati kama unavyopangiwa msafara wa magari. Ama mavazi ya kubana, yana mwenyewe: mumewe, chumbani kwao.

Gauni likimzuia kusujudu, basi halijamkaa, hata ukumbi mzima ukisifu.

Tunamuomba Allaah awastiri mabinti zetu, azitie baraka ndoa zao, na atusamehe sisi tuliokula pilau tukasahau kuuliza. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.