Kibao cha Shule ya Watoto ni cha Nani?

Katika miji yetu yote, na siku hizi hata katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu, vibao vya shule za awali vimeota kama uyoga baada ya mvua. Silalamikii wingi wake. Watoto ni wengi, na mzazi aendaye kazini alfajiri hana budi kupata mahali penye ulezi na mafunzo pa kumwacha mwanawe. Ninalolalamikia ni yale yaandikwayo na kuchorwa juu ya vibao hivyo. Ukivisoma kimoja baada ya kimoja utadhani nchi hii haina lugha, haina mnyama, haina tunda, wala haina mchoraji. Majina ni ya Kiingereza, nayo yanahusu malaika wadogo, nyota zing'aazo na vizazi vya washindi. Chini ya jina yupo panya wa sinema za Marekani, mwenye glavu nyeupe na masikio ya mviringo. Au bata aliyevaa kofia ya baharia. Au bundi mwenye miwani. Au mtoto wa miaka minne aliyevikwa kofia bapa ya mahafali ya chuo kikuu, kana kwamba amekwisha hitimu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Pembeni kabisa pana namba ya simu, na hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo kila apitaye njia anaweza kuisoma.

Wako watakaosema kwamba kibao ni kibao tu, na kwamba mtu mzima asishughulike na bati na rangi wakati shule hazina madawati. Sikubaliani nao hata kidogo. Nembo ni usemi. Taifa letu lilipotaka kujitambulisha mbele ya ulimwengu lilichora mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu, mkarafuu chini ya miguu ya mmoja na mpamba chini ya miguu ya mwenziwe, Mlima Kilimanjaro ukiwa msingi wa yote, na mwenge ukiwaka katika ngao. Maneno yaliyowekwa hapo ni "Uhuru na Umoja", si Kilatini wala Kiingereza. Mwananchi yeyote anaweza kusimama mbele ya nembo hiyo akamweleza mwanawe kila kilichomo, kwa sababu kila kilichomo amekiona au amekisikia. Basi yawezekanaje taifa lenye nembo ya namna hiyo likubali shule yake ya kwanza kabisa, ile impokeayo mtoto kutoka mgongoni mwa mama yake, ijitambulishe kwa bundi?

Na huyu bundi nataka nimseme kidogo. Wagiriki wa kale walimfanya kuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa hekima, na Wazungu wakamrithi kwao. Ndiyo maana katika vitabu vyao huvishwa miwani na kufundisha. Hiyo ni haki yao. Lakini katika sehemu nyingi za nchi hii bundi akilia juu ya paa watu hawapati usingizi, na bibi hutoka nje kumfukuza kwa kinga cha moto. Sisemi kwamba bibi ana hoja ya kisayansi. Bundi hula panya, naye ni rafiki wa mkulima, jambo ambalo mwalimu wa sayansi afadhali alifundishe darasani kwa utaratibu wake. Lakini aliyemtundika langoni hakukusudia kufundisha sayansi. Aliinakili picha asiyojua maana yake, akamwekea mtoto ndege wa uchuro mahali pa kumkaribishia. Ndivyo kasumba ifanyavyo kazi: haimlazimishi mtu kupenda cha mwenziwe, humsahaulisha tu kuuliza maana yake.

Lakini picha ni nusu ya jambo. Nusu iliyo nzito zaidi ni maandishi, na hapa naomba walimu wanisikilize vizuri, maana hoja hii ni yao kuliko yangu. Kiswahili kimejaliwa maandishi yanayofuata sauti. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na mtoto aliyekwisha kushika ba, be, bi, bo, bu ana ufunguo wa maneno yasiyo na idadi. Mtoto wa miaka mitano au sita akiyajua matamshi ya silabi ataweza, kwa kuvutavuta, kusoma maneno "Shule ya Awali Mwembeni" bila msaada wa mtu. Atakapofika mwisho wa mstari atacheka, kwa kuwa amegundua kwamba maandishi makubwa yale yaliyokuwa juu ya kichwa chake tangu Januari yalikuwa yakilitaja jina la mahali anapocheza. Je, ni somo gani la kusoma lizidilo hilo? Sasa mpeleke mtoto yule yule mbele ya kibao cha Kiingereza, lugha ambayo herufi zake huandikwa hivi na kutamkwa vingine. Silabi zake zote hazitamfaa kitu. Atajifunza kwamba maandishi ya mahali pakubwa hayasomeki na mtu kama yeye, na kwamba yale yasomekayo ni ya mahali padogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, nayo ilitamka kwamba lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo ni Kiswahili. Vibao vingi vimesimama tangu hapo kama kwamba hakuna aliyeisoma.

Ajabu ni kuwa wale tunaodhani tunawaiga hawakufanya tunayoyafanya. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliipa mwaka 1840 jina la Kijerumani chepesi lenye maana ya bustani ya watoto. Hakutafuta Kilatini, ingawa wasomi wa zama zake walikiheshimu sana. Waingereza ndio waliokuja kulichukua neno lake lilivyo, hivyo mwenye shule aliandikapo neno hilo la "Kindergarten" langoni akidhani anatukuza Kiingereza, anaandika Kijerumani bila kujua. Naye daktari Maria Montessori, alipofungua shule yake katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, tarehe 6 Januari 1907, iliitwa kwa Kiitaliano Nyumba ya Watoto, basi. Maneno matatu ambayo kila mfua nguo wa mtaa ule aliyaelewa. Kama tunataka kuwaiga wakuu hawa, tuwaige katika hilo.

Liko pia jambo la wizi, nami sitalipamba kwa neno laini. Panya na bata wa sinema wana wenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya Walt Disney ilivitaka vituo vitatu vya kulelea watoto katika mji wa Hallandale, jimbo la Florida, kufuta picha za wahusika wake zilizochorwa ukutani, na zikafutwa. Hayo yalitendeka huko huko alikozaliwa panya huyo, kwa watoto wa raia wenzao. Ni kweli kwamba tarehe 1 Januari 2024 hakimiliki ya filamu zake za mwanzo, za mwaka 1928, ilikwisha huko Marekani. Hata hivyo sura zake nyingi za baadaye bado zinalindwa, na kuwa alama ya biashara ya kampuni ile hakukukoma. Sisi nasi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwalimu humwadhibu mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani, kisha wote wawili hupita kila asubuhi chini ya kibao kilichochunguliwa.

Mwenye shule atanijibu, nami nimepata kujibiwa hivyo uso kwa uso: "Bwana mshairi, wewe hulipi kodi ya jengo. Wazazi wanataka ingilishi midiamu. Nikiandika Kiswahili wataniona wa bei nafuu, watampeleka mtoto kwa jirani." Hoja hii ina nguvu, wala si haki kuicheka. Maadamu shule za sekondari zinafundisha kwa Kiingereza, mzazi anayehofia kwamba mwanawe ataachwa nyuma hana wazimu. Hofu yake ina sababu, na sababu hiyo haikuwekwa na mwenye shule. Serikali nayo ina sehemu yake ya lawama. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka ikifika tunaimba na kuhutubia, halafu tarehe 8 mambo hurudi kama yalivyokuwa.

Lakini hebu tuipime hoja hiyo kwa mizani ya biashara yenyewe. Tazameni makampuni ya simu, wauza sabuni, wauza soda na mabenki. Hao wana wataalamu wa kutafuta wateja, na fedha wanazotumia kwa matangazo zingejenga shule kadhaa. Wanapotaka kumfikia mwananchi huandika kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenye methali na utani. Hawakuamrishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa. Wameitwa na faida. Ikiwa lugha hii inatosha kumshawishi mtu aweke akiba yake yote mahali asipopaona, itashindwaje kumwambia mama kwamba hapa pana walimu wapole, uji wa saa nne na uwanja wenye kivuli? Na kama shule inafundisha Kiingereza, iandike hivyo: "Tunafundisha Kiingereza". Mzazi ataelewa mara moja. Kumwandikia mtu habari ya lugha kwa lugha asiyoisoma ni kumpungia mkono kipofu. Isitoshe, Kiingereza chenyewe aghalabu huwa na makosa. Nimekiona kibao kimoja ambacho neno lenye maana ya "ubora" lilipungukiwa herufi mbili, nalo liliandikwa kwa rangi ya dhahabu.

Sitaki kuonekana ninasifu kila chetu. Vibao vyetu vya Kiswahili vingi ni vibaya. Kimoja kimejazwa anwani, namba ya usajili, orodha ya huduma kumi na sala, hata jina la shule limekosa pumzi. Kingine kimechorwa twiga na mlima, kama kilivyochorwa cha jirani na cha jirani yake, kwa sababu mchoraji hakuulizwa kufikiri. Uzalendo si twiga. Shule iliyo chini ya mwembe na ichore mwembe. Iliyo pwani ichore ngalawa. Iliyo Mtwara ichore bibo na korosho yake, ambalo kila mtoto wa huko amelinyonya mpaka likamtia doa kifuani. Tofaa liachiwe Njombe na Lushoto, ambako kweli linaota.

Mwalimu wa ubunifu tunaye nyumbani, naye ni khanga. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina: mpaka unaokusanya jicho, picha katikati, na usemi mfupi usomekao mama akiwa anatembea. Mtu aliyebuni utaratibu huo alijua kazi ya nembo kabla neno hilo halijatumika ofisini. Na ukitaka mfano wa picha ionekanayo kwa mbali, mtazame Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Katika miaka ile michache, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli na vipande vya mraba vya ubao mwembamba, aliweka mnyama mmoja au ndege mmoja juu ya rangi moja, macho makubwa, mistari wazi. Leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake duniani kote. Rangi ni zile zile ambazo fundi wa vibao hutumia mtaani kwetu.

Fundi huyo naye aulizwe, maana anajua mambo ambayo kamati hazijui. Atawaambia kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 10 husomeka vema kutoka kiasi cha mita 12, hivyo anayetaka kusomwa na dereva ng'ambo ya barabara asibane maneno. Kwamba nyeusi juu ya njano huonekana upesi kuliko nyekundu juu ya kijani. Kwamba maneno manne yanatosha. Herufi ziwe za umbo lile lile ambalo mtoto anafundishwa kuandika, ndogo kwa kubwa, bila mikia wala vivuli. Na kabla fundi hajachovya brashi, watoto wenyewe wapewe karatasi wachore shule yao. Mmoja kati yao atachora kitu ambacho watu wazima hawakukiona: mtungi wa maji pale mlangoni, au paka wa mlinzi.

Jua letu halihurumii rangi, na baada ya miaka michache kila kibao hupauka kikahitaji kupakwa upya. Siku hiyo bati litakuwa lile lile, na ujira wa fundi hautazidi kwa sababu ya Kiswahili.