Gari la Umma Hufa kwa Kukosa Dakika Kumi

Nyuma ya ofisi nyingi za wilaya huonekana magari yaliyoinuliwa juu ya mawe, nyasi zimeota hata kufunika rimu. Vibao vyake vingali vyasomeka STK, SU au SM, lakini injini zimeshika kutu na viti vimegeuka makao ya kuku. Wahusika wakiulizwa, jibu huwa lile lile: gari ni bovu, vipuri ni ghali, na fungu la matengenezo limekwisha. Ni mara chache swali la pili kuulizwa, yaani gari hilo liliuawa na nini, na nani aliziona dalili zake za kwanza.

Swali hilo lingeulizwa, ingebainika kwamba injini nyingi hazifi kwa uzee. Hufa kwa kukosa lita moja ya oili, au kwa tone la maji lililovuja mwezi mzima pasipo mtu kufungua boneti. Hayo ni mambo ambayo dereva aweza kuyaona kwa macho yake kabla ya safari. Hayahitaji cheti cha ufundi. Yahitaji kitambaa, kipimo cha upepo na dakika kumi za asubuhi.

La kwanza ni oili. Gari likiwa mahali tambarare, na injini imezimwa kwa muda wa kutosha oili kushuka, kijiti cha kupimia huchomolewa, hufutwa, hurudishwa mpaka mwisho, kisha huchomolewa tena na kusomwa. Oili yapasa iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, vyuma husagana. Ikizidi mno, hupigwapigwa ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Kijiti hicho hutoa habari nyingine pia: oili yenye rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia ndani ya injini, na gari hilo halifai kutoka langoni.

Maji ya rejeta nayo hutazamwa asubuhi injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta huzuia mgandamizo, na kwa sababu hiyo maji yaliyomo huweza kupita joto la nyuzi 100 pasipo kuchemka. Ukifunguliwa ghafula, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia dereva usoni. Aidha, maji ya visima yenye chumvi, kama yapatikanayo sehemu nyingi za Dodoma na Singida, huacha ukoko katika vijia vya rejeta na kuvizibua si kazi rahisi. Kwa hiyo kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yazuiayo kutu, si anasa.

Upepo wa matairi hupimwa kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto kipimo hupanda na kudanganya. Kiasi kitakiwacho kimeandikwa na kiwanda, mara nyingi katika nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo hulika pembeni, hupata moto na mwisho hupasuka. Lenye upepo mwingi hulika katikati. Dereva anayejua kusoma tairi hajiulizi kwa nini limekuwa kipara mapema. Tairi la akiba nalo lipimwe, kwani wengi hulikumbuka porini, wakalikuta limelala.

Katika breki hakuna nafasi ya kubahatisha. Chombo cha mafuta ya breki hutazamwa kwa nje. Kiwango kikishuka, ama vitambaa vya breki vimelika, ama kuna mahali panapovuja. Kuongeza mafuta tu bila kutafuta sababu ni kuficha ugonjwa. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri siku zipitavyo, na yenye unyevu huchemka mapema breki zipatapo moto. Dereva akiteremka mlima Kitonga, akakuta pedali imekuwa laini na yazama mpaka sakafuni, amekwisha kuchelewa kujifunza.

Yaliyosalia ni mepesi: taa zote ziwashwe, mkanda wa feni uangaliwe kama una nyufa, vichwa vya betri visafishwe unga mweupe, na chujio la hewa likung'utwe mara kwa mara wakati wa vumbi. Katika magari ya dizeli, maji yaliyojitenga kwenye chujio la mafuta yamwagwe, kwa kuwa maji hayo huharibu pampu, nayo pampu ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa.

Wapo wasemao kwamba yote hayo ni kazi ya fundi. Fikra hiyo si sahihi. Kazi ya fundi ni kutengeneza. Kazi ya dereva ni kuona. Dereva hatakiwi kufungua mitambo ya breki, usukani au pampu ya dizeli kwa spana ya kuazima. Atakiwa aandike alichokiona katika daftari la gari, akitie sahihi na kukifikisha kwa afisa usafirishaji, ili gari lifike katika karakana ya TEMESA likiwa na homa, si likiwa maiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini si haki lawama zote kutupwa kwa dereva. Yuko mkuu afikaye saa 12 asubuhi, akakuta boneti iko wazi, akanung'unika kwamba anacheleweshwa. Yuko atiaye sahihi daftari la gari mwezi mzima bila kusoma mstari mmoja, na yuko akataaye kuidhinisha oili ya bei ndogo, kisha akaidhinisha injini nzima. Dereva wa mkuu wa namna hiyo hujifunza upesi kwamba uangalifu huhesabiwa uvivu, naye huacha.

Hasara yake haimwangukii mkuu huyo. Humwangukia mama mjamzito anayesubiri gari la kituo cha afya, na shule ya mbali isiyofikiwa na wathibiti ubora kwa kuwa gari la idara limelala. Humwangukia pia mlipa kodi, kwa sababu kipuri kilichotoka ng'ambo hununuliwa kwa fedha za kigeni zilizotokana na jasho la mkulima wa pamba na korosho.

Walimu na watumishi walionunua magari kwa mikopo hawana haja ya kuhimizwa. Makato ya kila mwezi yamekwisha kuwafundisha kupima oili. Kinachotakiwa ni macho yale yale kutumika kwa gari lisilo na mwenyewe. Kila ofisi yenye gari yaweza kuanza kesho kwa kanuni moja: ukurasa wa ukaguzi usipojazwa na dereva na kusomwa na kiongozi wa safari, gari lisiondoke. Safari itachelewa dakika kumi. Gari lililokufa huchelewesha kazi miaka.