Mshauri Nasaha wa Kwenye Simu Apimwe kwa Maswali Yake

Barabara itokayo Kigoma kwenda Nyakanazi hupita Kasulu na Kibondo, katikati ya vilima vya migomba, mihogo na mibuni. Katika miji hiyo miwili watu hujuana. Mwalimu akionekana mara mbili ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya, habari hufika shuleni kabla yake. Ndiyo sababu mtu ambaye pombe imeanza kumshinda aghalabu hutafuta msaada usiku, kwa simu ya mkononi, mahali asipoonwa na mtu. Zamani mtu wa namna hiyo alikuwa na njia mbili tu: kunyamaza, au kupelekwa mbali na kwao, pengine hata Mirembe, Dodoma, hospitali iliyopokea wagonjwa tangu mwaka 1927 na ambayo jina lake peke yake limewatisha wengi. Siku hizi wapo washauri nasaha wanaofanya kazi kwa njia ya intaneti, wengine wakiwa Dar es Salaam, wengine Nairobi, wengine ng'ambo. Njia imepatikana. Kilichobaki kigumu ni kumjua afaaye.

Matangazo hayasaidii sana. Huyu hutaja shahada, yule cheti cha mafunzo ya siku mbili, wa tatu hutaja mbinu kumi kwa pumzi moja. Mkulima au mwalimu aliyeko Kibondo hana namna ya kuyapima hayo yote. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kupunguza pombe au kuacha tumbaku, iko mbinu moja iliyochunguzwa sana, na uzuri wake ni kwamba mwenye kuifuata na mwenye kujisingizia hutofautiana kwa namna wanavyosema. Asiye mtaalamu anaweza kuisikia tofauti hiyo kwa masikio yake mwenyewe.

Jina la mbinu hiyo kwa Kiswahili bado halijatulia. Wapo waiitao "mahojiano ya uhamasishaji". Tafsiri hiyo ni sahihi kwa kamusi, walakini inapotosha. Mwananchi asikiapo "mahojiano" hukumbuka kituo cha polisi. Asikiapo "uhamasishaji" hukumbuka mkutano wa hadhara, ngoma, na gari lenye kipaza sauti. Mbinu yenyewe ni kinyume cha hayo yote. Mwenye shida ndiye msemaji mkuu, na nia inayotafutwa haitoki kwa mtaalamu. Bora iitwe mazungumzo ya kuamsha nia, kwa kuwa nia hiyo imo ndani ya mtu tangu mwanzo, ila imelala.

Mwanzilishi wake ni William R. Miller, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New Mexico huko Marekani. Mwaka 1982 alikuwa Bergen, Norwei, katika likizo ya kitaaluma. Wanasaikolojia vijana wa zahanati ya walevi ya Hjellestad walimwomba awaonyeshe jinsi anavyozungumza na wagonjwa, nao wakawa wanamkatiza kila mara. Kwa nini umeuliza hili na si lile? Kwa nini umelirudia neno hili la mgonjwa ukaliacha lile? Katika kuwajibu, Miller alitambua kwamba alikuwa akifuata kanuni ambazo hakuwahi kuziandika. Akaziandika, na makala yake ikachapishwa mwaka 1983. Mwaka 1989 alikutana huko Australia na Stephen Rollnick, aliyekulia Afrika ya Kusini na kufanya kazi Wales, na kitabu chao cha kwanza kikatoka mwaka 1991.

Msingi wa kanuni hizo ni kwamba mtu anayesumbuliwa na pombe mara nyingi ana nia mbili kwa wakati mmoja. Anataka kuacha na hataki kuacha. Anayajua madhara kuliko mshauri wake, kwa maana ndiye anayelala nayo. Na anayajua pia mazuri ya pombe, ambayo mshauri hapendi kuyasikia: urafiki wa kilabuni, usingizi, kusahau. Mtu mwenye nia mbili akisukumwa upande mmoja husimama upande wa pili na kuutetea. Na ni kawaida ya binadamu kuamini anachojisikia akikisema kwa kinywa chake.

Chukua mfano wa mzee wa Kasulu anywaye pombe ya ndizi kila jioni na gongo siku za gulio. Mshauri wa namna ya kwanza humwambia: "Mzee wangu, pombe itakuua. Huoni watoto wanavyokosa sare za shule? Kwa nini huachi?" Mzee atajibu nini? Atajibu kwamba hanywi kupita wenzake, na kwamba baba yake alikunywa akafika miaka 80. Kwa dakika 10 mzee huyo amefundishwa kuitetea pombe, na mwalimu wake ni mshauri mwenyewe.

Mshauri wa namna ya pili huanza hivi: "Shikamoo, mzee. Naomba unisimulie jinsi jioni yako inavyokwenda." Kisha husikiliza, na kabla ya kuuliza swali jingine hurudisha alichokisikia: "Kwa hiyo ukishatoka shambani, nyumba ikiwa kimya, ndipo hamu inapokuzidi." Mzee atasema, "Ndivyo. Tangu mama yao afariki." Neno hilo la mwisho lisingalitoka kwa kuulizwa kwa nini. Baadaye mshauri huuliza kwamba, kuanzia 0 hadi 10, jambo hili la kupunguza pombe lina uzito gani kwake. Mzee akisema 5, mshauri asiyejua kazi atauliza, "Kwa nini isiwe 9?" na mzee atazitaja sababu za kutoacha. Ajuaye kazi atauliza, "Kwa nini umesema 5, wala hukusema 2?" Hapo mzee hulazimika kuzitaja sababu zake mwenyewe za kuacha, kwa maneno yake mwenyewe. Swali hilo moja latosha kumtambulisha mshauri kuliko cheti chochote kilichotundikwa nyuma ya kichwa chake kwenye video.

Haya si maneno ya upole tu. Mwaka 1993 Miller na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanywaji 42 walioshauriwa, baadhi kwa kukabiliwa na kubishiwa, baadhi kwa kusikilizwa. Mazungumzo yote yalirekodiwa na kupimwa. Ilionekana kwamba kadiri mshauri alivyozidi kumkabili mnywaji, ndivyo mnywaji alivyozidi kupinga, na ndivyo alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Kemeo, ambalo ndiyo dawa ya kwanza katika nyumba nyingi, makanisa na misikiti, na hata hospitali zetu, linaweza kumwongezea mgonjwa ugonjwa.

Kuna faida nyingine ambayo Miller huenda hakuifikiria. Washauri wengi wa kwenye simu ni vijana. Kijana wa miaka 28 hawezi kumkemea mzee wa miaka 60 wa Kibondo bila kuonekana hana adabu, hata akiwa na shahada tatu. Lakini kumwamkia, kumwomba asimulie, na kumrudishia maneno yake kwa heshima, hayo kijana anaruhusiwa. Tena ndiyo malezi aliyopewa nyumbani. Mbinu iliyozaliwa Ulaya inakaa vema katika adabu ya Waha kuliko mahubiri yanayopigwa kila siku kwa jina la ushauri.

Haifai, hata hivyo, kuikuza kupita kiasi. Mapitio ya mwaka 2011 yaliyokusanya majaribio 59 kuhusu pombe na dawa za kulevya yalionyesha kwamba mbinu hii inashinda kutofanya lolote, na nguvu yake huwa kubwa karibu na siku ya mazungumzo, kisha hupungua. Ikilinganishwa na tiba nyingine halisi, haikuonekana kuzishinda. Mshauri anayeahidi kwamba mazungumzo mawili yatamaliza ulevi wa miaka 20 akimbiwe.

Na kuna hatari ambayo mazungumzo ya simu hayaiwezi. Mtu anywaye sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kupata degedege, na siku ya 2 au ya 3 kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huweza kuua. Kwa hiyo mshauri mwema huuliza tangu siku ya kwanza kiasi kinywewacho, na kama mtu hutetemeka asubuhi kabla ya kunywa. Jibu likiwa ndiyo, humtuma hospitali, iwe ya wilaya au ya misheni kama Kabanga, kabla ya neno lolote juu ya kuacha. Mshauri asiyeuliza hayo hafai, hata awe na sauti tamu namna gani.

Sasa juu ya vyeti. Mwaka 2004 Miller na wenzake walichapisha jaribio la wataalamu 140 wa tiba ya ulevi. Wengine walihudhuria warsha tu. Wengine, baada ya warsha, walirudishiwa tathmini ya mazungumzo yao yaliyorekodiwa, au walisahihishwa kwa simu na mkufunzi, au walipata yote mawili. Waliohudhuria warsha tu walipata ujuzi kidogo, na baada ya miezi michache ujuzi huo ukafifia. Walioendelea kusikilizwa na kusahihishwa walibaki nao. Hivyo mtu wa Kasulu anayetafuta mshauri kwa intaneti asikomee kuuliza, "Umesoma wapi?" Aulize pia, "Ni nani husikiliza kazi yako na kukusahihisha, na mara ya mwisho ilikuwa lini?" Mtaalamu wa kweli hatachukizwa. Atafurahi, kwa sababu ni wachache wanaomuuliza.

Yapo pia mambo madogo yenye uzito. Simu ya nyumbani mara nyingi ni ya watu wanne, na ujumbe wa mshauri ukiingia mbele ya shemeji, siri imekwisha. Wakubaliane mapema ni saa ngapi atapiga, na asiandike kitu. Video si lazima. Mbinu hii huishi kwa sauti na ukimya, na bando la video ni ghali. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mshauri aulizwe kama mazungumzo hurekodiwa, yanahifadhiwa wapi na nani huyasikia. Aliyeko nchi nyingine aulizwe amesajiliwa na nani: Kenya, kwa mfano, ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na mtu anaweza kudai namba ya usajili.

Lugha ni kikwazo kikubwa zaidi. Mtu wa Heru Juu huzungumza Kiswahili sokoni na ofisini, lakini akianza kueleza jinsi alivyompiga mkewe au alivyomzika mtoto, huhamia Kiha bila kujua. Mshauri asiyejua Kiha hana cha kumrudishia. Atauliza swali jingine, na mlango utafungwa.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kumtaka kila mgonjwa ajitafutie mgeni wa mbali. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, watafiti wa hapo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke walitengeneza kwa Kiswahili mazungumzo mafupi ya aina hii kwa majeruhi wanaokunywa, wakayaita Punguza Pombe kwa Afya Yako. Wanaoyaendesha ni wauguzi, na ujumbe mfupi wa simu umejaribiwa kama nyongeza. Karibu zaidi, katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, mpango uitwao Nguvu ulijaribu kuwasaidia wanawake wa Kongo walioteswa na waume zao. Mbinu yake ilikuwa nyingine, lakini waliouendesha walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Kama muuguzi aliweza Moshi na mkimbizi akaweza Nyarugusu, haielekei kwamba muuguzi Mha wa Kasulu au Kibondo atashindwa.

Intaneti ingefaa zaidi ikitumiwa kumsikiliza muuguzi huyo. Wauguzi wawili katika kila wilaya wafundishwe. Kila wiki mbili, kwa ridhaa ya mgonjwa na jina lake likifichwa, mazungumzo mamoja yapelekwe kwa mkufunzi wa Dar es Salaam au Dodoma, naye ampigie muuguzi kwa nusu saa na kumuuliza kama vijana wa Bergen walivyomuuliza Miller: kwa nini umelirudia neno hili ukaliacha lile? Yaliyosemwa kwa Kiha, muuguzi atayaandika kwanza kwa Kiswahili, na hata kazi hiyo ya kuyaandika itamfanya ayasikie mara ya pili. Chumba chenyewe kisiandikwe "Afya ya Akili" mlangoni. Kiwe kile kile kinachopimiwa shinikizo la damu, ili mwalimu aketi kwenye benchi pamoja na watu wengine.